Mke wangu amejikuta kwenye hadithi yangu, nifanyeje?

Wakuu, natunga hadithi za kuendelea, natuma kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa, sehemu moja buku. Shida yangu, nikikaa mezani siandiki kitu. Mawazo yananijia mama watoto akianza kunisema. Wiki iliyopita nilisahau kufunika ndoo ya maji, mjusi akatumbukia. Alivyoanza tu, nikakimbilia daftari. Akadhani namkimbia, kumbe nanukuu! Ijumaa mhusika wangu akamwambia mumewe: "Hata mjusi amekufa akisubiri uinuke." Watu wakacheka mpaka basi. Kumbe shemeji yangu naye yumo kwenye grupu. Tangu jana mke hasemi neno, na sehemu ya 14 ni kesho. Sina hata mstari.

Jibu la 1: Mkuu, mlipe. Maneno yake, buku zako?

Jibu la 2: Mimi ni mke wa mtunzi, niko Tanga. Wangu aliniua sura ya pili, eti kuleta majonzi. Jioni akauliza chakula, nikamwambia marehemu hapiki. Sura ya tano nikafufuka.

Jibu la 3: Dada wa Tanga 😂😂 Mkuu, mjusi geuza awe panya, basi.

Mwenye mada: Mrejesho. Nimempa sehemu ya 13 aisome upya. Kachukua kalamu nyekundu ya mtoto: "Sikusema amekufa. Nilisema amejiua." Kweli, yake kali zaidi. Anataka nusu ya mapato, na umeme ninunue mimi.