Land Rover Series III inazima kupanda Soni, geji inasoma PSI 1

Mjukuu_wa_Soni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli 2.25. Ni ya marehemu babu, na ndiyo inayoteremsha mboga zetu na kupandisha mbolea, kwa hiyo nataka iendelee kutembea. Tambarare za Mombo haina neno. Nikianza kupanda mlima kuja Soni na mzigo nyuma, baada ya dakika kumi hivi inaanza kukosa, inakohoa kwenye kabureta, halafu inazima. Nikisubiri kidogo inawaka, naenda kona mbili tatu, inazima tena. Jumapili nimelazimika kushusha magunia manne ya mbolea pembeni ya barabara na kuyarudia jioni.

Plagi, platini na kondensa nimebadilisha. Juzi nimeazima geji ya shinikizo la petroli nikaiunga kwa kiungo cha T kati ya pampu na kabureta. Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inasoma PSI 1 (PSI ni kipimo cha shinikizo), na kitabu cha gari kinasema 1.75 hadi 2.5. Pampu ni ile ya ubavuni mwa injini inayosukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua vali za injini. Mwaka jana fundi aliitia diaframu mpya, ule utando wa ndani unaovuta na kusukuma petroli. Imekufa tena? Ninunue pampu nzima?

Korola_Tanga

Kaka, weka pampu ya umeme ya gari lolote la injekta. Nusu saa umemaliza.

Mzee_Gereji

Marahaba mjukuu. Usinunue kitu kwanza.

Na wewe wa Tanga, nakuomba usimshauri mtu hivyo. Pampu ya injekta inasukuma zaidi ya PSI 30. Sindano inayofunga petroli kwenye kabureta hii imezoea PSI mbili, haiwezi kuzuia. Petroli itafurika imwagikie manifoldi ya moto. Nimeshazima moto wa namna hiyo kwa mchanga wa uani, mikono ikaungua, na gari lilikuwa la mteja.

Mjukuu, gari lako linaeleza lenyewe. Tambarare injini inakunywa kidogo, pampu dhaifu inatosha. Mlimani inakunywa kuliko inavyoletewa, bakuli la kabureta linakauka, inazima. Ukisubiri bakuli linajaa, unaenda kona mbili. Swali ni udhaifu uko wapi.

Ikizima tena, kabla ya yote fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia inavuta pumzi, tundu la hewa limeziba na pampu ilikuwa inashindana na tangi. Kisha kagua mpira wote kutoka tangi lililo chini ya kiti mpaka kwenye pampu. Huko kukiwa na ufa hutaona tone, kwa sababu upande huo unavuta: hewa inaingia, petroli haitoki. Chomoa na dipstiki uinuse. Oili ikinuka petroli, diaframu imetoboka, na gari lisitembee hata hatua moja.

Kama hayo yote ni mazima, tafuta mpira mwangavu wa mita 3. Chomoa bomba la kabureta, funga mpira kwenye mdomo wa kutolea wa pampu kwa klipu, usimamishe kwenye mti mrefu, kichwa chake kiwe ndani ya chupa. Fanyia nje, waya wa koili uchomolewe, kizima moto karibu, sigara mbali. PSI 2 inapandisha petroli karibu mita 1.9 juu ya pampu.

Pima mara mbili. Kwanza piga kile kijimkono cha pampu kwa kidole mpaka petroli isipande tena. Kikiwa kinalegea bila kubeba kitu, zungusha injini kwa hendeli mzunguko mmoja ujaribu tena. Halafu piga stata sekunde kumi. Niletee namba zote mbili.

Mjukuu_wa_Soni

Nimefanya, babu. Mfuniko unapumua vizuri. Mpira chini ya kiti ulikuwa na nyufa, nimeubadilisha, lakini geji haikusogea. Oili hainuki petroli.

Kwa kidole petroli imepanda hadi mita 1 na sentimita 85. Kwa stata imeishia sentimita 95. Nimerudia mara tatu, ni hivyo hivyo.

Mzee_Gereji

Basi diaframu, vali na springi ni wazima, kidole chako kimeshuhudia. Kinachopungua ni safari ya mkono wa ndani unaoguswa na kemshafti: hauvuti diaframu mpaka chini, springi haibanwi inavyotakiwa, shinikizo linapungua. Ama ncha ya mkono imelika, ama pampu imekaa mbali na injini. Fungua nati mbili, angalia gasketi.

Mjukuu_wa_Soni

Gasketi tatu! Za karatasi, zimebandikwa kwa silikoni moja juu ya nyingine. Nimezipima kwa rula, karibu milimita 3 zote pamoja. Nakumbuka pale palikuwa panavuja oili, nadhani fundi alikuwa anaziba. Ncha ya mkono inang'aa tu, haina shimo.

Nimekwangua mpaka chuma kikawa safi, nikakata gasketi moja ya karatasi na kuipaka oili kidogo. Kwa stata petroli sasa inafika mita 1.80. Geji inasoma chini ya PSI 2 kidogo.

Jana nimepanda na magunia sita, gia ya pili. Kwenye ile kona niliyoshushia mbolea nikasogeza kioo nisikilize. Ilivuta bila kukosa hata mara moja mpaka Soni. Babu, Mungu akuzidishie.

Mzee_Gereji

Amina. Injini ikipoa, zikaze tena zile nati mbili, karatasi mpya hulala kidogo ikishapata joto. Na ukiona oili inavuja tena hapo, paka uso wa pampu chaki, uusugue kwenye kioo kilichonyooka uone kama umepinda. Ukipinda unasuguliwa kwa msasa juu ya kioo, hauongezewi karatasi.

Korola_Tanga

Nimekuelewa, mzee. Ushauri wangu wa juu naufuta.