Luka 14:26: mdogo wangu kamkatia mama simu, nimjibu vipi?

Kaka Mkubwa: Wakuu, salaam. Kwetu ni Walutheri wa kawaida, wa kwaya na vikoba. Mdogo wangu wa mwisho, binti wa miaka 24, amehamia huduma moja hapa mjini. Tangu Februari hapokei simu za mama, na ile elfu hamsini aliyokuwa akichangia dawa za kisukari anaipeleka madhabahuni. Nikiuliza, ananitumia Luka 14:26, kwamba asiyemchukia baba na mama hawezi kuwa mwanafunzi wa Yesu. "Imeandikwa, kaka. Mimi sipunguzi neno." Biblia naijua ya Jumapili tu. Mnaosema dini zote ni biashara, naomba mpite kimya.

Ngurumo77: Macho yake yote mawili yapo? Mathayo 5:29: jicho likikukosesha, ling'oe. Aanzie hapo.

Kaka Mkubwa: Nilimwambia hivyohivyo. Akanibloku siku tatu.

Bibi Mwalimu: Ngurumo, kejeli haimrudishi mtoto nyumbani. Mwanangu, fungua Mwanzo 29. Mstari wa 30, Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Wa 31, Kiebrania kinasema Lea alichukiwa, ila Union Version yetu imeandika "hakupendwa". Ndivyo walivyosema wale: ukimpenda huyu zaidi, yule umemchukia. Nasi husema "nakufa njaa" wala hakuna aliyeagiza jeneza. Ndiyo maana kwenye Mathayo 10:37 ni kumpenda baba au mama *kuliko* Yesu.

Fundi Saa: Sawa bibi, ila leo "kuchukia" ni lugha ya picha, kesho mtu atasema hata ufufuo ni picha. Mpaka anauweka nani?

Bibi Mwalimu: Andiko lenyewe. Kwenye 1 Wakorintho 15 Paulo anataja mashahidi, zaidi ya mia tano, na anasema wengi wao wangali hai. Huyo hasemi fumbo. Luka 14, mistari miwili tu mbele, kuna mtu anayepiga hesabu za kujenga mnara, na hatusomi kwamba msikilizaji yeyote alikimbilia kununua matofali.

Lakini Kaka Mkubwa, usianze na Kiebrania. Ataona umetumwa. Mpe Marko 7:9-13. Watu walikuwa wakisema mali ya kumfaa mzazi ni korbani, wakfu kwa Mungu, basi mzazi akose. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu. Hapo hakuna picha ya kufumbua, ni elfu hamsini na dawa za mama. Si anataka neno kama lilivyo?

Ngurumo77: Bibi, nimekaa chini.

Kaka Mkubwa: Hiyo ya korbani sikujua hata kama imo. Nimemtumia mistari mitupu, bila neno langu hata moja. Tiki zimegeuka bluu, kimya.

Kaka Mkubwa: Saa nne hii usiku. Kauliza dawa zimebaki za siku ngapi.