Naomba ushauri: Hobbes anajipinga, au mimi ndiye sijamwelewa?

Wakuu, habari za leo. Nasoma Leviathan, kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes kuhusu dola, kilichotoka 1651, miaka 2 baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao Charles I. Ile picha ya mwanzo hainitoki akilini: jitu lenye taji, upanga mkononi, na mwili ulioundwa na watu wadogo wadogo, wote wametupa mgongo. Kwamba bila dola binadamu wataishi kwa kuogopana, hivyo wampe mtawala mamlaka kamili, hapo namwelewa. Ila sura ya 21 imenikwamisha kabisa: aliyehukumiwa kifo, hata kwa haki, ana uhuru wa kumkatalia mtawala na kujitetea. Sasa yale mamlaka kamili yako wapi? Mliosoma falsafa, nirudie kwa makini sura ya 14, ile ya haki ya asili na mikataba, au nimsome kwanza Locke, mwanafalsafa aliyekuja baada yake na kutaka mamlaka ya serikali yawe na mipaka?