Mwalimu katuma matokeo ya darasa zima kwenye kundi la wazazi, nimwelezeje?

MamaWawili: Wakuu, heshima zenu. Juzi mwalimu wa darasa la mwanangu katuma matokeo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Faili zima la Excel: majina matatu, alama na nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho ni wangu. Kesho yake wenzake wakawa wanamwita "Arobaini na Mbili".

Hilo ningelimeza. Ila nilipolifungua kwenye kompyuta nikaona herufi za safu zinaruka, kutoka C hadi G. Nikazifunua. Tarehe za kuzaliwa, namba za simu za wazazi, na safu ya "maelezo": nani analelewa na bibi, nani ana kifafa. Mwalimu mwenyewe ni mtu mwema, anajituma. Nikisema kundini nitamwaibisha, nikinyamaza faili linazidi kutembea. Nifanyeje?

JichoKavu: Mnakuza mambo. Sisi matokeo yalibandikwa ukutani na tupo hai.

Kibodi: JichoKavu, ukuta ulibaki shuleni. Huu unasambazwa.

Mama, kuficha safu si kuifuta. Anayepokea faili anapokea vyote. Angenakili safu anazotaka tu kwenye faili jipya, yakaisha. Sasa afute ujumbe kwa wote, lakini ajue waliokwisha kulihifadhi bado wanalo, hivyo awaombe nao wafute. Na kiungo cha kujiunga na kundi akibadilishe, maana kila aliyewahi kutumiwa anaweza kujaribu kuingia nacho.

ChakiNyeupe: Nasema kama mwalimu niliyewahi kufanya kosa hilihili. Mpigie simu, usimwandikie. Maandishi nayo hupigwa picha yakasambaa. Na uanze na zile safu, si na mwanao. Ukianza na nafasi ya mwisho atasikia mzazi anayelalamikia alama, na hapo umeshampoteza. Mimi siku hizi kila mzazi namtumia ya mtoto wake tu. Inachosha, sikudanganyi, jioni nzima inakwenda.

Wakili_wa_Kijiweni: Akikaidi, nenda kwa mkuu wa shule na hoja moja tu: kifafa. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inalinda faragha ya mtoto, na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2018 inaweka habari za afya kwenye daraja la ulinzi mkali zaidi. Angalia na sheria ya kwenu inasemaje. Ila usimpigie mwalimu ukitaja ibara, atakukatia.

MamaWawili: Nimempigia. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Safu zipi?" Kumbe faili alilirithi kwa mwalimu aliyemtangulia, hakujua kama zimo. Kafuta na kaomba radhi kundini. Wazazi wawili tu wamejibu kwamba nao wamefuta.

Kibodi: Na wewe?

MamaWawili: Mimi nini?

Kibodi: Nakala iliyo kwenye kompyuta yako, mama. Ile uliyozifunua safu.

MamaWawili: Duh. Bado ipo. Nakwenda kuifuta sasa hivi.