Jeni au jini? Tupeane uzoefu wa ugonjwa wa figo kwenye koo zetu

Mrina Asali (Urambo):
Mwangaluka wakuu. Baba alikufa kwa figo, baba mdogo hivyohivyo, sasa kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Shangazi anasema ni jini la ukoo. Kwenye kikao juzi watu walikaa kimya, kisha macho yote yakanigeukia mimi nitoe figo. Nina miaka 34, sina dalili yoyote. Mwenye ukoo wa hivi anipe uzoefu.

Mama Zawadi (Ujiji):
Pole mdogo wangu. Usikubali kabla ya kupima. Mama yangu tumbo lilijaa, tukadhani uvimbe wa kizazi. Ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji. Aina hiyo, mzazi mmoja tu akiwa nayo, kila mtoto ni nusu kwa nusu. Tuko sita, tumepima watano, wanne tunavyo. Kitinda mimba amegoma. Mimi nilianza na presha, 170 kwa 110, nikiwa na miaka 29.

Fundi wa Maabara (Tabora mjini):
Mrina, wewe na ndorobo waletao malale mnafahamiana huko porini. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 inayoua vimelea vya malale, lakini hivi vya kwetu vina mbinu ya kuikwepa. Baadhi ya watu wana jeni ya APOL1 iliyobadilika, ikavibana tena. Mwaka 2010 wanasayansi Marekani wakagundua kuwa jeni hiyohiyo, ukiirithi kwa baba na kwa mama, inaweka figo hatarini. Ni kama jeni ya selimundu: moja inakukinga na malaria, mbili zinakuuguza. Imejaa zaidi Afrika Magharibi, kwa Wazungu karibu haipo. Wamarekani weusi kama 13 kati ya 100 wanazo mbili, na wengi wao hawaugui figo maisha yao yote. Kikiongezeka kitu kingine, mfano VVU, ndiyo balaa.
Sisemi ndiyo ya kwenu. Ila shangazi mwambie jeni, siyo jini.

Nguruka Kwetu:
Tusisingizie jeni kila kitu jamani. Kwetu wameondoka watatu, wote presha isiyotibiwa, na mjomba dawa ya maumivu, diklofenaki, alikuwa anaila kama karanga. Tulichorithi ni chungu kimoja na chumvi yake.

Mrina Asali:
Nimerudi. Mkojo una protini, plasi mbili. Wamesema kwa hali hii figo yangu haitoki, nirudi wiki ijayo wapime tena. Kaka sijamwambia. Mliowahi kupeleka jibu kama hili nyumbani, mlianzaje?