Mpango mkakati wa asasi ya elimu ya uraia: tuanze na misingi au na mfadhili?

Mleta mada:
Wadau, asasi yetu ndogo ya elimu ya uraia huku Tanzania Bara inaandika mpango mkakati wa miaka mitano. Rasimu ya kwanza imeanza na orodha ya wafadhili na mambo wanayopenda kugharimia. Mimi naipinga, na nataka kusikia maoni yenu kabla bodi haijakaa.

Nasema tuanze na Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ukiishika hiyo kwa dhati, semina ya hotelini miezi miwili kabla ya uchaguzi inakosa nafasi, na mkutano mkuu wa kijiji unakuwa ndio kazi yenyewe. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, au yanapokwepwa. Basi hata viashiria vibadilike. Tuache kuhesabu sahihi za mahudhurio, tuulize ni vijiji vingapi vimeitisha mkutano bila sisi kuwasukuma, na ni akina mama wangapi walisimama kuhoji.

Mfadhili akija atakuta kazi ipo. Asipokuja, kama wengi walivyoonja Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mkutano wa chini ya mwembe haudai ukumbi wala fulana.

Mwalimu mstaafu:
Mwanangu, neno "misingi" nimelisikia sana. Nilifundisha somo la Siasa zama za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992 likaja somo la Uraia, baadaye Uraia na Maadili, na sasa mtaala wa 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Kila zama na misingi yake, na anayeichagua huwa ni aliyeko madarakani. Kumbuka Tume ya Nyalali, ile ya kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja: ilipokusanya maoni 1991, takribani wanne kati ya kila watu watano walitaka chama kimoja kiendelee. Hao tuliwafundisha sisi. Tuliwafundisha uraia au utii? Tume yenyewe ikashauri tuingie vyama vingi hata hivyo.

Mdau wa Iringa:
Mleta mada, Azimio la Arusha umeliruka makusudi? Mwaka 1967 kiongozi alikatazwa waziwazi: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Masharti hayo yakalegezwa kwenye kikao cha CCM huko Zanzibar 1991, na tunajua kilichofuata. Mimi nikienda kijijini na Ibara ya 8, wazee watanisikiliza kwa adabu tu. Nikianza "cheo ni dhamana", watanimalizia: "sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Tayari wanayo kichwani. Kwa nini tuanze upya?

Mpita njia:
Posho mmepanga shilingi ngapi? Bila nauli hawaji hao.

Mdau wa Unguja:
Na misingi ya nani hasa? Huku tuna Katiba yetu ya 1984, na marekebisho ya 2010 yakaandika wazi kuwa Zanzibar ni moja ya nchi mbili zinazounda Muungano. Sheria iliyosajili asasi yenu haivuki bahari. Kama dira yenu inasema "Watanzania wote", ifuteni muandike Bara.

Mleta mada:
Ndugu wa Unguja, hilo nalipokea; litabadilishwa.

Wa Iringa, "cheo ni dhamana" tutaitumia kufungulia mazungumzo, lakini isiwe nguzo ya mpango. Ilikuwa ahadi ya mwanachama wa TANU, chama tawala cha enzi hizo. Mwanachama wa chama kingine akisema yeye hakuapa, utamjibu nini? Katiba inamhusu hata aliyeinunia.

Posho hakuna. Huo ni mkutano wa kijiji chake mwenyewe. Nikimlipa leo, mwenyekiti atamlipa nini kesho? Tutagharimia nauli ya wawezeshaji basi.

Mwalimu, shikamoo. Hofu yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Siasa ilimpa mwanafunzi majibu ya kukariri. Nataka mwanakijiji atoke na swali la kumuuliza mtendaji: zile fedha za zahanati zimefika wapi? Somo lisilozaa swali la namna hiyo tulifute kwenye mpango, hata kama lina mfadhili.

Mwalimu mstaafu:
Marahaba. Sasa chukua hilo swali la zahanati. Likishaulizwa mara mbili, mtendaji atasema nyinyi ni wanasiasa na ataomba kuona barua ya halmashauri. Atakayekuwa amesimama pale ni aliyeuliza. Nyinyi mtakuwa mmesharudi mjini. Kwenye bajeti yenu ya miaka mitano, fedha ya wakili ipo?