Mikataba ya miungano iko wapi? Tumechoka kupigia kura karatasi tusizoziona

Wadau, salamu nitawapa siku nyingine. Leo nimekuja kufoka.

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 2027 unanukia na ile sinema imeanza upya. Ukiwasha taarifa ya habari jioni unakuta waheshimiwa wameshikana mikono juu ya paa la gari, kila mmoja na kofia ya rangi yake, wakituambia wameungana kwa ajili ya mwananchi. Kesho yake mmoja wao yuko Ikulu anakunywa chai. Keshokutwa msemaji wa chama anatokea kutufafanulia kwamba hatukuelewa, ule haukuwa muungano, ni ushirikiano tu. Na sisi huku mitaa ya Nairobi, Umoja, Kayole na Kibra, tunabaki tumenuniana na majirani kwa sababu ya watu wanaokula meza moja.

Sina shida na vyama kuungana. Katiba ya 2010 inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu ya zile 47. Nani anafika huko peke yake? Uhuru alipita 2013 kwa asilimia 50.07, Ruto akapita 2022 kwa asilimia 50.49. Mambo yakibana hivyo, hata chama cha kaunti moja kina bei yake. Sawa, unganeni. Ninachouliza ni hiki: mnaungana kwa mkataba gani, nani ameusoma, na mbona ukivunjwa hakuna anayeulizwa?

Tazama 2002. NAK, muungano wa Kibaki, Wamalwa na Ngilu, uliketi na LDP, chama cha kina Raila na Kalonzo, wakatia saini mkataba wa maelewano mwezi Oktoba. Baraza la mawaziri nusu kwa nusu, na Raila awe waziri mkuu. Muungano wao, Narc, ukashinda kwa kishindo, Kibaki akawa rais, mkataba ukatupwa. Juni 2004, LDP wakiwa bado wanalia, Kibaki akawaingiza serikalini wabunge wa KANU na Ford-People. KANU! Chama tulichokesha kwenye foleni Desemba 2002 ili kukiondoa, haijatimia hata miaka miwili watu wake wanaapishwa kuwa mawaziri. Ikaja kura ya maamuzi ya Novemba 2005 kuhusu katiba mpya, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana, serikali ikashindwa, baraza zima likavunjwa. Ulienda kumshtaki nani? Ule mkataba ulikuwa ahadi ya mabwana wakubwa, haukuwa na meno popote.

Watu wanautukana nusu mkate wa 2008, ile serikali ya pamoja ya Kibaki na Raila baada ya ghasia za uchaguzi. Mimi mwenyewe niliutukana, na mawaziri zaidi ya 40 walistahili kutukanwa. Lakini tuseme ukweli, ule ndio muungano pekee ambao masharti yake yalipelekwa bungeni yakapitishwa kuwa sheria, kila mtu akayaona. Walizozana mpaka juu ya zulia na choo, wakaenda hadi hoteli ya Kilaguni kusuluhishwa, na bado serikali ilifika mwisho na katiba mpya ikapatikana. Ilibidi watu zaidi ya 1,000 wafe kwanza ndipo tuandikiwe mkataba unaosomeka.

Halafu NASA, muungano wa upinzani wa 2017. Machi 9, 2018, Raila na Rais Uhuru wakapeana mkono pale Harambee House, na vinara wenzake Kalonzo, Mudavadi na Wetangula wakasema hawakuwa na habari. Mwezi huohuo Wetangula akavuliwa uongozi wa wachache katika Seneti. Pesa za hazina ya vyama nazo zikawa kesi nyingine, ODM, chama cha Raila, wamezipokea, wenzao wanalia hawajaona mgao. Wetangula alilia sana kipindi hicho, na alikuwa na haki ya kulia.

Sasa mwone huyohuyo akiwa Spika wa Bunge la Taifa. Baada ya uchaguzi wa 2022, orodha ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilikuwa na Azimio, muungano wa Raila, wabunge 171, na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, 165. Oktoba Spika akaketi kitini, akawahamisha wabunge 14 wa vyama vinne vilivyoingia uchaguzini ndani ya Azimio, na hesabu ikawa 179 kwa 157. Wengi wakageuka wachache bila mpiga kura hata mmoja kurudi kituoni. Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema alivunja katiba. Siku chache baadaye akaketi tena akaamua Kenya Kwanza ndio wengi, basi. Wanasheria mliomo humu mnielezee, maana mimi kura yangu niliipiga mara moja tu.

Hapa Nairobi yalitufikia mlangoni. 2022 Tim Wanyonyi alikuwa ameshazunguka mitaa yote akitafuta ugavana, mabango yako juu, kisha wakubwa wa Azimio wakaketi mahali wakaamua kiti ni cha Jubilee, chama cha Uhuru. Wanyonyi akarudishwa Westlands, tukaletewa Igathe. Hakuna mwanachama wa ODM wa Nairobi aliyeulizwa. Sakaja wa Kenya Kwanza akashinda, mengine mnayajua.

Na msiniambie kwamba wajumbe huwa wanaidhinisha. Mimi nimekuwa mjumbe. Chama sikitaji, ukumbi sitaji. Tulipakiwa kwenye basi alfajiri, tukapewa tisheti na kofia, na kwenye kila kiti kulikuwa na chupa ya maji na karatasi ya ratiba. Kati ya hotuba ya wageni na chakula cha mchana iliandikwa: kupitisha mkataba wa muungano, dakika 15. Nikainua mkono kuomba nakala. Kijana wa itifaki mwenye beji shingoni akaniinamia sikioni, "Mzee wangu, hiyo iko na viongozi. Wewe subiri tu useme ndiyo." Mwenyekiti akauliza wanaounga mkono, ukumbi ukanguruma. Akauliza wanaopinga, na kabla hujafungua mdomo alikuwa ameshagonga meza. Jioni redio ikatangaza kwamba wajumbe wamepitisha kwa kauli moja. Karatasi pekee tuliyosomeshwa kwa makini siku hiyo ni ile ya nauli ya kurudi: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi.

Kwa sheria, mkataba wa muungano unawasilishwa kwa Msajili. Vizuri. Lakini mambo ya Kenya Kwanza, kwamba ANC ya Mudavadi na Ford-Kenya ya Wetangula wangepata asilimia 30 ya serikali, na wakubwa hao wawili watengewe vyeo vyao, tuliyapata kwenye magazeti wakati kampeni tayari zimepamba moto. Ujerumani, vyama vya CDU/CSU na SPD walipoelewana Aprili 2025, waliutoa mkataba wao hadharani, kurasa 144, na wanachama wa SPD wakaupigia kura kwanza. Karibu asilimia 85 ya waliopiga wakakubali ndipo ukatiwa saini. Najua mtasema kule ni mfumo wa bunge. Ndiyo, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Kule mshirika akiondoka, kiti cha mkubwa kinatikisika: Kansela Scholz alimfuta waziri wake wa fedha, kiongozi wa chama mshirika, Novemba 2024, muungano ukafa, na Februari wananchi wakarudi debeni. Hapa rais amechaguliwa moja kwa moja, mshirika akinuna au akisusa, Ikulu haipungukiwi kitu. Kwa hivyo mkataba wetu una uzito kabla ya uchaguzi tu. Wakishaapishwa, mwenye kuulilia ni mwenye kukosa wizara.

Lililonichosha kabisa ni 2024. Vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Juni 25 wakaingia mpaka bungeni, wengine hawakurudi nyumbani. Julai baraza likavunjwa, akabakishwa Mudavadi. Kilichofuata ni nini? John Mbadi, mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, yule aliyekuwa na kazi ya kuikagua serikali kwa niaba yetu, akapewa Hazina Kuu. Opiyo Wandayi, kiongozi wa wachache katika Bunge la Taifa, akapewa Kawi. Joho na Oparanya, manaibu wa kiongozi wa chama, wakapewa wizara pia. ODM ikabaki na wenyeviti wa upinzani bungeni na mawaziri serikalini kwa wakati mmoja, na kwa vitabu vya Msajili ilikuwa bado ndani ya Azimio. Ikaitwa serikali jumuishi. Mkataba wa vipengele 10 kati ya Ruto na Raila ukatiwa saini pale ukumbi wa KICC Machi 7, 2025, miezi saba baada ya mawaziri kuapishwa! Huo angalau tuliusoma, nawapa haki yao. Lakini viti vilitangulia, sababu zikafuata.

Sasa nyinyi mlio kwenye sekretarieti za vyama, na najua mko humu mnasoma kimyakimya. Kabla hamjatuletea lori la muziki mtaani, bandikeni mkataba hapa. Wizara zipi kwa nani. Pesa za hazina ya vyama zinagawanywa vipi. Mkiachana, wabunge wanahesabiwa upande gani, na anayeamua ni nani. Mkiingia serikalini katikati ya safari, nani anabaki kukagua hesabu.

Na wale wa "wewe unaonekana ni wa upande ule", njooni na nakala mkononi ndio tuanze kubishana.